Mkate wa Omate

Lushebere, Jumapili, baada ya chakula cha jioni

Mwanangu Fideli,

Mama yako amekwisha kukufungia blanketi. Amekuambia usinywe maji ya mto yasiyochemshwa, usilale karibu na jenereta, na usimwazime dereva shati lako la Jumapili. Mimi sina la kuongeza hapo. Ukisahau neno lake hata moja atalijua, na mimi ndiye nitaulizwa kwa nini nilizaa mtoto asiyesikia. Hayo ni yenu wawili.

Langu ni moja, na nimeamua kuliandika kwa sababu nakujua. Nikikuita hapa motoni nianze kulisema, utanisikiliza kidogo, kisha utanijibu vizuri, nami nitakujibu, utatia mzaha, tutacheka, na mwisho mama yako atatunyamazisha ili watu walale. Utakuwa umenishinda. Tangu ulipojua kusema unanishinda kwa maneno. Karatasi haina haya na mtu hawezi kuikatiza, basi nimekwenda kuomba wino kwa mwalimu.

Kesho lori la sinema litakupitia barabarani. Utakaa mbele, karibu na dereva, mahali nilipokuwa nikikaa mimi, na pengine utashika mikro ile ile ya kusemea niliyoishika. Watu wa hapa wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na mimi natabasamu kama mtu aliyesifiwa. Kweli najivunia, siwezi kuficha. Una sauti nzuri kuliko yangu. Yangu ilikuwa kubwa tu.

Lakini juzi Musieu wa sinema, yule Mzungu wenu, alipokuja kukaa kwetu na kula viazi vyetu, nilikuwa nasikiliza. Alikuambia kwamba filamu mpya ni ya mashamba ya pareto, na kwamba mtaanzia Ntoto kabla ya kushuka Walikale. Tena akakufundisha maneno ya mwisho. "Sinema ikiisha, unaambia bazazi: tunatafuta batoto ya vidole mwepesi. Kazi ya maua tu. Chumvi iko, blanketi iko." Nawe ukajibu, "Ndiyo, Musieu." Ulijibu upesi sana, Fideli. Nilikuwa nimeshika kikombe mkononi na sikunywa tena.

Ntoto ndiko aliko shangazi yako Tereza. Kwa Tereza yuko Furaha, kitinda mimba wake, yule anayekupanda mgongoni ukifika na kukataa kushuka. Bado anabadilisha meno. Vidole vyake ni vyepesi, hilo sina shaka nalo. Barua hii naiandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya wenzake watakaokaa chini mbele ya kitambaa chako cha sinema, midomo wazi, wakikusikiliza.

Sasa nisikie, maana sifa zangu umezisikia kwa wengine, na mengine hujayasikia kwa mtu.

Mimi sikuchaguliwa kwa sababu ya Kifaransa. Kifaransa changu unakijua, hata kuku wa misheni walikuwa wakikicheka. Nilichaguliwa kwa sababu ya hadithi. Mama yangu, koko yako, alikuwa msimulizi, nami nilikua nimelala magotini pake nikisikia jinsi anavyoshusha sauti fisi anapokaribia na kuipandisha sungura anapotoroka. Vita ya Wazungu ilipokwisha, Musieu mmoja, siyo huyu wa sasa, alikuja Masisi na lori lenye mashine. Filamu zake zilikuwa zikisema Kifaransa na nyingine hazisemi kitu. Akatafuta mtu wa kuzieleza. Walijaribu katekista, akaeleza kama anayesoma matangazo ya ndoa, watu wakasinzia. Walinijaribu mimi, na kabla filamu haijafika katikati wamama walikuwa wamesimama.

Raha ya kazi ile siwezi kukueleza, utaionja mwenyewe. Unasema neno, na kilima kizima kinacheka. Unanyamaza, nacho kinanyamaza. Barabara ilipoishia tulibebesha watu jenereta na kitambaa, tukaingia msituni kwa miguu, na kila kijiji kilitupokea kwa ndizi na kuku. Waliniita Papa Sinema. Mwanamume akiitwa hivyo mwaka mzima kichwa kinavimba, na changu kilivimba. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi nilitia maji.

Mwanzoni nilitia kidogo. Mtu kwenye picha anavuka mto, mimi nasema mto una mamba. Mwanamke anachota maji, mimi namtafutia jina na mume mgomvi. Musieu hakujua Kihunde wala Kinyanga, alikuwa anaona watu wanacheka, naye anafurahi.

Unakumbuka filamu ya wapanda farasi? Ulikuwa mdogo, lakini nadhani unakumbuka, kwa sababu mliisumbua Lushebere yote. Watu wenye kofia kubwa wanafukuzana, wanapigana risasi, mmoja anaanguka na hainuki. Wiki iliyofuata watoto wote walikuwa wamepanda mbuzi. Mbuzi wa katekista alivunjika mguu ikabidi achinjwe, na katekista akala huku anawalaani ninyi, mimi, na mtu aliyebuni umeme. Nilicheka mpaka nikalia. Nyumbani ulikuja ukaniuliza, "Papa, yule muntu balimuzika wapi?" Nikacheka zaidi. Swali lako nililibeba kila mahali nilipokwenda, nikawasimulia watu kama kichekesho: mwanangu anataka kujua kaburi la mtu wa sinema.

Koko yako hakucheka. Aliniambia, "Mutoto anauliza kaburi, basi kwake yule muntu amekufa kweli. Weye unacheka nini?" Tuliporudi na lori, kabla mashine haijawashwa, aliwakusanya ninyi wote, akawapeleka nyuma ya kitambaa. "Gusa," akawaambia. Mkagusa. "Iko muntu?" Mkasema hapana. "Iko farasi? Iko damu?" Hapana. Akawakalisha hukohuko nyuma mtazame kidogo, picha zikawa zinapita kinyume, watu wote wanatumia mkono wa kushoto, mkacheka. Ndipo akawaruhusu kwenda mbele. Wewe hukuuliza kaburi tena. Mimi nilimwona mama yangu kama mzee anayenichelewesha kazi, nikamwambia asirudie, kwa kuwa Musieu hapendi watu kusogelea nyaya.

Hapo nilipaswa kuelewa, na sikuelewa. Kwetu hadithi ina mahali pake. Inasimuliwa giza likiingia, motoni, na mtu akisimulia hadithi mchana watu wanamshangaa. Mambo ya kweli, ya shamba, ya mahari, ya kesi, yanasemwa jua likiwaka. Mtoto mdogo kabisa anajua tofauti hiyo bila kufundishwa. Sinema nayo inakuja gizani, na mimi nilikuwa naisema kwa sauti ya hadithi. Wazazi walioketi pale walisikia hadithi, wakacheka kama watu wanaocheka hadithi. Hawakuona haja ya kumwonya mtoto, nani humwonya mtoto kwamba sungura hasemi? Lakini watoto hawakuwa wanasikia tu. Walikuwa wanaona kwa macho. Wakubwa walifuata sikio, wadogo wakafuata jicho, na mimi niliyesimama katikati na mikro sikujua kwamba nimewagawa.

Kisha ikaja filamu ya machimbo ya Omate.

Filamu yenyewe ilikuwa fupi na ya kuchosha. Wanaume wanachimba, wanasukuma vigari, wanaosha kasiterite, mawe ya bati, mtoni. Nyumba zimepangwa mstari. Bendera inapanda. Hakuna anayeanguka, hakuna anayekimbia. Musieu alikuwa na desturi ya kuonyesha filamu mbili bila kupumzika, na ya pili ilikuwa ya Ulaya: asubuhi, nyumba yenye mapazia, mtoto wa Kizungu mezani anakula mkate. Mkate mkubwa, mama anaukata, mtoto anaupaka kitu na kuuma. Ndiyo tu. Kati ya filamu hizo mbili kitambaa kilikuwa cheupe kwa muda mfupi.

Pale Ntoto niliona watu wameanza kupiga miayo. Msimulizi hawezi kuvumilia miayo. Nikatazama watoto wadogo wa Omate waliopita nyuma ya vigari, mmoja amebeba ndoo, nikamchukua huyo. Nikampa jina. Nikasema ametoka kijiji kama hiki, mtoto wa mjane, ametembea msituni na njaa yake. Unajua katika hadithi za kwetu mtoto aliyetoka njiani na njaa lazima afike mahali na ale, la sivyo wasikilizaji watakupiga kwa kuni. Kitambaa kikawa cheupe, sikunyamaza. Picha ya Ulaya ilipotokea, mapazia na meza, nikasema, "Na mtoto wetu alipofika Omate, tazameni, wakamkalisha mezani, wakamkatia mkate!" Watu walipiga makofi. Shangazi yako Tereza alipiga makofi, nilimwona. Aliniambia baadaye usiku ule, machozi ya kucheka machoni, "Kaka, na mukate ya Bazungu ilimubadilisha ngozi pia?" Kwake ilikuwa hadithi nzuri ya kaka yake.

Mupenda alikuwa ameketi mbele kabisa. Ni mwana wa kwanza wa Tereza, unamjua alivyo sasa, mtu mzima. Wakati ule hata jembe lilikuwa refu kuliko yeye.

Asubuhi, jua limepanda, alisimama kapita mmoja, msimamizi wa vibarua, aliyekuwa amesafiri na sisi. Alikuwa wa mzungu mwenye machimbo madogo upande wa Omate, na Musieu alimpa nafasi katika lori kama mtu anavyompa jirani nafasi. Yeye hakutia chumvi yoyote. Alisema tu, mchana kweupe, "Mahali muliona jana, mimi naenda kule. Nani anataka?" Basi. Yale niliyoyasema gizani, yeye aliyathibitisha mchana. Watoto hawakuwauliza wazazi wao. Walimfuata njia ya mtoni, kikundi, baadhi wakikimbia, na Mupenda kati yao. Tereza alikuwa shambani.

Habari ilinikuta Walikale, tumekwisha kuonyesha vijiji vingine viwili vitatu kwa mkate uleule. Na hapa ndipo pananiuma kuliko kusema kwenyewe, Fideli, kwa hiyo nitaandika upesi. Sikuondoka kwenda kumtafuta. Nilijiambia amepata kazi, atajifunza dunia, mtoto wa kiume ni wa kutembea. Nilijiambia maneno mazuri sana, nilikuwa na ujuzi wa kuyatunga. Niliendelea na safari, na mvua za mwaka ule zikaanza na kwisha.

Siku moja Musieu akasema tunakwenda Omate kuonyesha sinema kwa wafanyakazi. Akachagua filamu ya Omate, akidhani watafurahi kujiona.

Nilisimama na mikro mbele ya wachimbaji waliochoka, wenye tope mpaka magotini, na picha ya kwao ikaanza kupita. Nitasema hapa wanachimba? Wanajua. Nilisema vineno viwili vitatu vya kijinga. Kitambaa kikawa cheupe, kisha yakatokea mapazia, meza, na yule mtoto wa Ulaya. Nikanyamaza kabisa. Mchimbaji mmoja nyuma akapaza sauti, "Leta mukate, Papa Sinema!" Wenzake wakaangua kicheko, wakaanza kugonga sahani za bati. "Mukate! Mukate!" Habari ilikuwa imefika kabla yangu. Watoto wa Ntoto walikuwa wameileta.

Walikuwa wamesimama kando, karibu na jenereta, kwa sababu kuna joto. Mupenda alinijia mashine ilipozimwa. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyekundu, na mkono wa kushoto umefungwa kitambaa kichafu. Jiwe lilikuwa limeuponda mtoni, na vidole viwili, unajua, havikupona. Nilijiandaa kwa kilio au tusi. Alinisalimia vizuri, kama mama yake alivyomfundisha, kwa kupiga goti kidogo. Kisha akauliza, "Mujomba, tangu tulifika nangojea. Mukate, banagawaka siku gani?"

Alikuwa bado anangoja. Hakunishuku hata kidogo. Alidhani siku yake bado haijafika, au ametumwa mtoni siku ya kugawa ikapita. Nilimbeba nikamweka katika lori. Kapita akaja kusema mtoto ni wa kazi, nami nikamsukuma kifuani, mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yangu kumpiga mtu mzima. Musieu alikasirika. Ndiyo safari niliyoachia kazi, wala sikufukuzwa kama watu wa Lushebere wanavyosema.

Wale watoto wengine sikuwachukua. Wazazi wao walikwenda baadaye kuwafuata mmoja mmoja, na baadhi walirudi wakiwa vijana wenye ndevu wasiojua kusoma. Nilikuwa na lori zima, Fideli, na nilichukua wangu tu.

Ulikuwa ukiniuliza kwa nini nikienda Ntoto nakaa kimya motoni, mimi ambaye kwingine sinyamazi. Tereza hakunipigia kelele siku nilipomrudisha Mupenda. Alimwosha mtoto, akampa chakula, akanipa na mimi. Nilipomaliza kula aliniambia, "Kaka, hapana kapita njo alimubeba. Ni sauti yako alifuata. Hapa kwangu utakulaka, utalalaka, lakini hadithi hapana tena." Ameshika neno lake mpaka leo. Jioni watoto wa Ntoto wakiniomba hadithi, yeye huwaambia mjomba amechoka.

Sasa najua utasema nini. Nimekuzaa, nasikia sauti yako kabisa: "Papa, ile ilikuwa mawe. Hii ni maua."

Maua ya pareto mimi nayaona kila wiki nikipanda kulima maharage yangu karibu na shamba la yule mzungu wa juu. Kwa mbali ni mazuri, kilima cheupe chote. Watoto wanaochuma wanaanza kabla umande haujakauka, na baridi ya juu kule unaijua. Wanashuka macho yamevimba na ngozi ya mikono inawasha mpaka wanajikuna damu. Wanalala kwenye kibanda cha kukaushia, pamoja na vumbi la maua hayohayo. Hakuna anayewapiga sana, nisiseme uongo. Ni watoto waliokaa mbali na mama zao, wanachuma kitu wasichokijua, hawasomi, na jioni hawana mtu wa kuwaambia hadithi ya uongo wala ya kweli. Hivyo tu. Filamu yako haitaonyesha macho. Nimekwisha kumwuliza dereva wao. Inaonyesha watoto wanaimba na vikapu.

Sikuambii uache kazi. Kama ningetaka uache, ningemwachia mama yako, naye angekwisha kuficha viatu vyako. Sinema yenyewe si shetani. Nimeonyesha filamu ya mkunga na mtoto mchanga, na wamama wa Walikale wakaanza kuchemsha wembe wa kukatia kitovu. Nimeonyesha filamu ya mbu. Naona vizuri mtu mwenye sauti kama yako anavyoweza kufanya mema, na pengine ndiyo sababu nakuogopea kuliko ningemwogopea bubu.

Kuna kitu kimoja cha kazi ile ambacho nilikigundua nikiwa nimekwisha kuiacha. Picha ni yao, lakini maneno ni yako. Musieu anakaa nyuma na mashine yake, hajui Kihunde, hajui Kinyanga, anaona tu watu wakicheka au wakikaa kimya. Mimi nilifikiri hiyo ni nafasi ya kucheza. Kumbe watu wale wote gizani hawakuwa na mtu mwingine wa kuwaambia kile kitu ni nini na kinatoka wapi. Mkate ukitokea, unaweza kusema huu ni mkate wa Ulaya, mbali, siyo Omate, na watoto wake ni wa mzungu. Neno moja. Halipunguzi utamu wa jioni hata kidogo. Mtoto akiuliza kaburi la mtu wa picha, usicheke kabla hujamjibu. Na wakitaka kugusa kitambaa, waache waguse, nyaya zitapona.

Na yale maneno ya mwisho, ya vidole vyepesi, huwezi kuyasema. Sisemi uyageuze au uyapunguze au uyatie mzaha. Najua ungepata njia, wewe ni hodari. Nasema kinywa kilichotoka nyumbani mwangu hakitawaita watoto wa Ntoto mara ya pili. Watu wakubwa wakitaka kwenda pareto, waambie iko wapi, kazi yake nini, baridi yake vipi, waende kwa akili zao. Watoto hapana. Musieu akikuuliza kwa nini wazazi hawakuleta watoto, mwambie ukweli au mwambie walikuwa na mavuno, hilo ni lako. Akikufukuza, barabara uliyoondokea ndiyo utakayorudia. Nyumba hii ina maharage, ina viazi, na ina binti wa katekista ambaye hatakuacha kwa sababu ya mikro. Usidhani hatujaona.

Nimefikiri kama nimekutwika mzigo ulio wangu. Pengine. Lakini Musieu hakuja kunitafuta mimi, alikuja kutafuta sauti, na sauti umeipata kwangu. Nakupenda, Fideli. Nilipokusikia kanisani ukisoma waraka, niliangalia chini watu wasinione. Nataka watu wakusikilize. Nataka usiwe na mtoto yeyote duniani wa kuja kukuuliza siku gani.

Jambo la mwisho ni la kukuarifu tu, usije ukashtuka ukiwa kazini. Lori lenu litazunguka kwa barabara na kungoja wapagazi. Mimi kesho kutwa nitakata kwa njia ya miguu, kwa hiyo nitafika Ntoto kabla yenu. Nimemwambia mama yako nakwenda kumwona dada yangu, na ni kweli. Jioni ya sinema nitaketi chini na watoto, mbele kabisa, Furaha magotini pangu. Nitatazama filamu yako yote, na ukisema vizuri nitacheka kuliko wote, utanisikia. Ukifika mwisho ukaanza kusema maneno ya Musieu, nitainuka palepale mbele ya watu na kuwafasiria mwenyewe kazi hiyo ya maua ni nini, kwa Kihunde na kwa Kinyanga, na kijiji kizima kitamwona baba akimpinga mwanawe siku yake ya kwanza ya kazi. Sitaki kukuaibisha, lakini nitafanya. Mimi ni mzee sasa, magoti yananiuma, na nikikaa chini kuinuka ni shida. Tafadhali, mwanangu, usinifanye nisimame.

Baba yako,
Atanazi